Usiage: maandalizi ya kuondoka kwa mume anayekupiga, kwa mwanamke wa Kigoma

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbele ya mwezi mpevu. Ndiyo maana Kibirizi, Katonga na vijiji vya kando ya ziwa, mbalamwezi ikishika, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa na wanaume hukaa nyumbani siku kadhaa. Giza likirudi wanaingia ziwani jioni na kutoka asubuhi. Mwanamke anayepigwa na mume mvuvi anaijua kalenda hiyo kwa mwili wake. Anajua usiku upi atalala na usiku upi atakesha akisikiliza hatua za mtu nje. Kalenda hiyohiyo inaweza kumsaidia kutoka, kwa sababu tunachokiita ujasiri, kwa sehemu kubwa, ni nauli, karatasi, mahali pa kulala na saa iliyochaguliwa vizuri.

Ushauri mwingi tunaowapa wanawake hawa unaanzia mwisho. "Jipe moyo, dada, ondoka." Basi anajipa moyo saa tano usiku, anatoka na kanga moja na mtoto mgongoni, simu imebaki, senti hana, anakwenda kwa shangazi ambaye keshokutwa atamrudisha mwenyewe kwa mumewe. Kisha tunasema hana msimamo. Moyo alikuwa nao. Alichokosa ni wiki chache za maandalizi ya kimya.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake wanne kati ya kumi wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Hesabu mwenyewe kwenye kikundi chako cha vikoba.

Pima hatari kabla ya kupanga

Nyumba zenye ugomvi hazina hatari sawa. Mume aliyewahi kukukaba shingo yuko kwenye daraja jingine kabisa, hata kama alikuachia baada ya sekunde chache na hata kama hakuacha alama. Kukabwa huzuia damu kufika kwenye ubongo, na koo linaweza kuvimba saa nyingi baadaye, ukiwa umeshaamini yamekwisha. Sauti ikikauka, kumeza kukiuma, macho yakiwa na madoa mekundu au mkojo ukiwa ulikutoka bila kujua, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi: nilikabwa.

Dalili nyingine za kuchukuliwa kwa uzito ni vitisho vya kukuua au kujiua, panga linalohama kutoka stoo kuja chini ya kitanda, kipigo wakati una mimba, kulazimishwa tendo la ndoa, kukufuata sokoni na kukuhesabia dakika, na vipigo vinavyozidi kukaribiana. Ukiona mojawapo, afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au wa ustawi wa jamii, ajue mpango wako kabla hujaondoka.

Saa mbaya kuliko zote ni pale anapogundua kwamba unaondoka, na wiki za kwanza baada ya hapo. Mtu aliyezoea kukumiliki anaona mali yake inatoka mlangoni. Kwa hiyo usiage. Usitishie kuondoka kwenye ugomvi, usimwachie barua inayotaja unakokwenda, usimpe siri hiyo mtoto wa miaka sita. Mtoto mdogo mwambie siku yenyewe kwamba mnakwenda kumsalimia bibi, na awe ameshazoea safari za namna hiyo.

Karatasi, simu, fedha

Karatasi zinazohitajika ni kitambulisho cha NIDA au walau namba yake, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto, cheti cha ndoa, kadi ya bima, vyeti vyako vya shule, kitabu cha vikoba, na nakala ya mkataba wa mauziano wa kiwanja au shamba. Kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kadi yako ya kliniki ni muhimu sawa na kitambulisho, kwa kuwa ndiyo itakayokurahisishia kupata dawa kituo kingine bila kukatisha dozi. Usizihamishe zote kwa siku moja. Droo iliyokuwa imejaa ikiwa tupu inaonekana. Anza kwa kupiga picha kila karatasi, mtumie mtu mmoja unayemwamini, ufute. Halafu hamisha halisi moja moja, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa mtu ambaye si ndugu wa mume. Mtunza hazina wa kikundi anafaa, au fundi cherehani wako. Wifi hafai, hata akiwa mwema. Siku akibanwa na kaka yake hatakuwa na pa kukimbilia.

Simu ndiyo inayowaumbua wengi. Kwanza angalia laini yako imesajiliwa kwa jina la nani. Wanaume wengi huwanunulia wake zao laini na kuzisajili kwa kitambulisho chao wenyewe, na hilo maana yake ni kwamba siku ukiondoka anakwenda kwa wakala, anarenyu laini, anachukua namba yako pamoja na fedha zote zilizomo. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Kama ya kwako haimo, usiweke akiba humo. Kisha piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine; ##002# inafuta maelekezo yote. Kwenye WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usichokitambua, ila ufanye hivyo siku ya kuondoka, maana akiona kimekatika mapema atauliza. Badilisha namba ya siri ya M-Pesa siku hiyohiyo. Ukifuta picha, kumbuka simu nyingi huzitunza kwenye kapu la zilizofutwa kwa siku kadhaa, lifute nalo.

Fedha. Andika hesabu ya kweli, hata kichwani. Kwa mfano, nauli yako na watoto 60,000, chumba cha 30,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele, 90,000, chakula cha mwezi wa kwanza 120,000, dharura 30,000. Jumla 300,000. Bei zitakuwa za kwenu, lakini bila hesabu utaendelea kusema "nikipata hela", na hela isiyo na kiwango haipatikani. Anayekamua mawese akificha 2,000 kwa kila dumu la lita 20, madumu 40 yanampa 80,000. Mwanika dagaa anajua mwenyewe anavyoweza kupunguza ndoo moja kwenye hesabu anayoipeleka nyumbani. Kuna watakaoita huo wizi. Mimi naona ni ujira wake uliokuwa haulipwi.

Kuhusu vikoba: usikope kwa ajili ya kukimbia. Wadhamini wako ndio watakaokutafuta, tena kwa haki, na utapoteza watu uliokuwa unawategemea. Subiri mgao kama hali inaruhusu, na umwombe mwenyekiti fungu lako lisitumwe kwenye simu bali likae mpaka ulifuate.

Mahali pa kwenda

Nyumbani kwa wazazi ndipo mume atakapoanza kukutafuta. Tatizo jingine ni mahari. Baba aliyekwisha uza ng'ombe au kumwozea kaka yako mke anaogopa kudaiwa, na hofu hiyo huvaa sura ya busara: "Rudi, mwanangu, ndoa ni kuvumilia." Mwambie, kwa heshima yake, kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuweka urejeshaji wa mahari kuwa sharti la mahakama kuvunja ndoa, na kwamba kifungu cha 66 kinasema mwenzi hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Wazee wengi hawajawahi kusomewa kifungu hicho. Wakisomewa na mtendaji wa kata, kikao hubadilika.

Nyumba salama zipo chache nchini. Ustawi wa jamii wa halmashauri ndio wanaojua ipi ina nafasi. Wengi wetu tunaishia kwa dada, kwa rafiki, au kwa mama wa jumuiya. Ongea na mwenyeji mapema juu ya mambo matatu: utakaa siku ngapi, nani ndani ya nyumba ajue sababu, na atajibu nini mume akibisha hodi. Jibu liwe fupi, wala asimkaribishe sebuleni: "Hayupo hapa. Kama una shida naye, mkutane polisi." Mwenyeji anayeanza kueleza ndiye anayejikuta ameitisha kikao.

Siku yenyewe

Kwa mke wa mvuvi, chagua usiku wa giza. Mume akiingia ziwani jioni una saa kama kumi na mbili. Kwa mwingine ni siku ya gulio, au zamu yake ya kazi. Epuka siku za mbalamwezi na miezi ya kufunga ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mpango uliotegemea giza peke yake ungekwama miezi mitatu.

Usipandie gari stendi kuu, ambako makondakta na wapiga debe wanamjua mumeo. Kwa anayeelekea Kasulu au Manyovu, Mwandiga panatosha. Kwa wa vijiji vya ziwani, boti ni mtego: mwenye boti ni shemeji, nahodha ni rafiki, na kabla hujashuka habari imefika. Safari ya boti ipewe sababu halali ya siku zote, kama mzigo wa dagaa au kliniki ya mtoto, na ubebe kinachofanana na sababu hiyo. Begi kubwa linasema ukweli. Nguo zitapatikana mnadani; chukua watoto, karatasi, dawa, fedha na chaja.

Watoto uondoke nao. Ukiwaacha "kwa muda", wanageuzwa kuwa kamba ya kukuvutia, na baadaye mahakamani ataonekana yeye ndiye aliyekuwa akiwalea. Mwalimu mkuu umweleze ana kwa ana nani tu anaruhusiwa kumchukua mtoto, na kwamba habari za uhamisho asizitoe kwa simu.

Kama mambo yakiharibika kabla ya siku uliyopanga, uwe na neno mliloelewana na jirani. Ukimtumia "dagaa wamekauka?" anajua apige 112 na aje na watu, asije peke yake. Ugomvi ukianza, toka jikoni. Kuna visu, mchi na maji ya moto. Sogea upande wenye mlango wa nje.

Ushahidi na polisi

Jeraha piga picha mara mbili: ya mbali inayoonyesha uso wako, na ya karibu, kwenye mwanga wa mchana. Rudia siku ya pili au ya tatu, kwa sababu damu iliyovilia chini ya ngozi huonekana vizuri zaidi baadaye. Andika tarehe, saa, alichotumia na aliyesikia. Daftari lisikae nyumbani.

PF3, fomu ya polisi kwa ajili ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi bure. Daktari anaijaza na inarudishwa polisi. Wengi huishia kuiweka kabatini, na kesi inafia hapo. Kama hali yako ni mbaya, tibiwa kwanza, fomu ifuate. Ukiulizwa umeumiaje, usiseme umeanguka. Kinachoandikwa kwenye faili siku hiyo ndicho kitakachosomwa mwaka ujao. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wako mahali pamoja, uliza mapokezi. Aliyelazimishwa tendo la ndoa afike ndani ya saa 72, kwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na za kuzuia mimba, na mapema ni bora kuliko saa ya 70. Sheria yetu hapa ina pengo na sioni haya kulisema: Kanuni ya Adhabu inamhesabu mume kuwa amebaka mkewe pale tu wanapokuwa wametengana. Lakini kipigo kilichoambatana na tendo hilo ni kosa, na dawa unapewa bila kujali nani alifanya.

Ukipewa barua ya wito umpelekee mume mwenyewe, kataa kwa adabu na uombe mgambo au mtendaji aipeleke. Na jambo ambalo watu hawalitegemei: makosa ya kupiga yana dhamana. Mtu aliyekamatwa asubuhi anaweza kuwa nyumbani jioni, ana hasira zaidi. Kwa hiyo siku unayoripoti ndiyo siku ambayo hulali kwako. Ndugu watakuja na wimbo wa "unamfunga baba wa watoto wako". Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi. Wajibu hivyo, kisha nyamaza.

Baraza, mahakama, dini

Talaka haianzii mahakamani. Shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini, na baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Baraza halitoi talaka wala haligawi mali. Ukiona wanaanza kugawa masufuria, omba hati yako uende. Mume akiitwa akakaidi, sheria inakuruhusu kwenda mbele, na mahakama inaweza kuondoa sharti hilo kukiwa na mazingira ya pekee, kwa mfano hatari kwa maisha yako. Hati isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Wengi huipata, wanapumua, wanaiweka, na mwezi wa nane wanaambiwa waanze upya.

Shauri linafunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo. Ndoa isiyofika miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kuombewa talaka, ila unaweza kuomba kutengana kisheria. Shauri likiwa linaendelea, omba mambo mawili ambayo watu huyasahau: matunzo ya muda, na amri ya kumzuia asikusumbue, iliyomo kwenye sheria hiyohiyo ya ndoa. Mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inadhani mahali pake pazuri ni kwa mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kuhusu mali, tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Kwa hiyo asikwambie shamba la michikichi ni lake kwa kuwa hukuwahi kushika jembe. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yako. Ukisikia fununu, peleka taarifa ya maandishi serikali ya mtaa au kijiji, ibaki nakala yenye muhuri.

Mlioishi bila ndoa msijidharau. Mkikaa pamoja miaka miwili na watu wakawatambua kama mume na mke, sheria inadhania ndoa ipo, na hata dhana hiyo ikipingwa unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto. Gharama zisikutishe: chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bila malipo, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii. Namba 116 nayo ni ya bure, na inafaa hasa mtoto anapohusika.

Kwa dini nitasema kidogo, kwa sababu Ujiji na Kasulu hakuna kikao kisichoanza kwa dua au sala. Sura ya Al-Baqara, aya ya 231, inakataza kumzuia mke kwa nia ya kumdhuru. Sheria za Kanisa Katoliki, kanuni ya 1153, zinamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kuishi mbali na mwenzake. Anayekwambia kubaki ni ibada, mwombe akuonyeshe alipoisoma.

Wiki za kwanza, na ukirudi

Atapiga simu analia. Atatuma shehe, mchungaji, mwenyekiti. Atatuma fedha ya mtoto kisha aulize umeipokelea wapi. Ujumbe wake utunze, usijibu, ni ushahidi. Vitu vilivyobaki vifuatwe na mtendaji au polisi akiwa mbele, mchana, na usiende kwa sababu ya sufuria. Badilisha soko na njia kwa miezi mitatu. Mji wa Kigoma, kati ya Mwanga na barabara ya Lumumba, ni padogo. Mtu akitaka kukuona atakuona.

Huenda ukarudi. Wengi huondoka zaidi ya mara moja, na sababu huwa kodi iliyokwisha au mtoto aliyeugua. Ukirudi, karatasi zibaki zilipo, laini ibaki kwa jina lako, jalada la polisi ulilofungua usiliombee kufutwa, na yule aliyekupokea umpigie akusikie sauti. Hati ya baraza nayo iangalie tarehe yake. Kama bado haijamaliza miezi sita, inatumika.